Mama Nyamaza na Winchi ya Upepo

Baba Padre, viongozi wa mtaa, wafanyakazi wa jineri wa zamani na wa sasa, ndugu waombolezaji wote, nawasalimu, mwadila. Anayesimama mbele yenu ni Deogratias, mdogo wake marehemu, aliyeachiana naye ziwa, ambaye ametumwa na familia mbili, ya Januarius Kwandu wa hapa Bariadi na ya Mzee Mayige Shigela wa Nassa, awasomee maisha ya Lukresia Mayige, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nyamaza, wengine kwa mapenzi na wengine kwa kejeli. Jana kwenye kikao cha mazishi walikuja watu wawili wenye adabu zao, wakashauri historia hii iwe fupi na iuruke mwaka 1996, kwa kuwa msibani si mahali pa kufukua mambo. Familia iliwasikiliza, ikawapa chai, ikawashukuru kwa rambirambi waliyoleta, na leo inawajibu mbele ya jeneza kwamba rambirambi haikununua hata mstari mmoja wa karatasi hii. Mwaka 1996 utasomwa, tena taratibu.

Lukresia alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948 katika kijiji cha Nassa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayige Shigela, mkulima wa pamba aliyekuwa akivua samaki shamba likipumzika, na mkewe mama Kabula, wote sasa marehemu. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipotoka alilia mpaka majirani wakaacha kazi zao, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kumsikia akinong'ona. Alibatizwa mwaka huo huo, na alipopata akili akawa mwimbaji, si wa kanisani tu, bali wa shambani pia, kwani kundi la vijana lilipokwenda kumlimia mtu, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na majembe yote yakafuata sauti yake. Jambo hilo tunaomba mlishike, maana huko mbele litahitajika.

Alianza shule ya misheni hapo Nassa mwaka 1957, akamaliza darasa la nne mwaka 1960, akaendelea na shule ya kati na kumaliza darasa la nane mwezi Novemba 1964, wakati wasichana waliofika darasa hilo wilayani walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Alichapwa mara nyingi kwa kosa moja tu, la kuongea darasani, na hakuacha. Baba yetu aliona ada haitoshi watoto wawili, akampeleka mbele mtoto wa kiume, naye Lukresia hakujifanya ameridhika, alimwambia baba waziwazi kwamba hapo amekosea, kisha akaenda kumfulia mdogo wake shati la safari. Shati hilo alilivaa huyu anayewasomea, na kusoma kwenyewe mnakokusikia leo kulipaswa kuwa kwake.

Tarehe 2 Mei 1971 aliajiriwa kwenye jineri ya hapa Bariadi, kiwanda cha kuchambulia pamba kilichokuwa bado mali ya ushirika, akianza kwa kufagia pamba iliyomwagika, kisha mwaka 1975 akahamishiwa kwenye chumba cha kufungia marobota ya pamba. Wakati huo alikuwa ameshaolewa, kwani tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa ya Kikristo na Januarius Kwandu, mkulima na mfugaji wa hapa hapa, aliyemsikia akiimba kwaya kabla hajamwona sura, na ambaye hadi leo anasema sauti ile ilimkamata kama ndama anavyokamatwa sikio. Mungu aliwajalia watoto watatu, Felisita aliyezaliwa mwaka 1974, Fredrick mwaka 1977 na Elizabeth mwaka 1982, na mjukuu mmoja, Precious, ambaye ndiye huyo aliyelala mapajani mwa shangazi yake.

Mwaka 1979 jineri ililetewa winchi ya kuinulia marobota, nayo haikuwa ya umeme, kwa sababu kwenye chumba kinachopepea nyuzi za pamba kutwa nzima cheche moja inatosha kuunguza ghala na watu wake. Ile ilikuwa winchi ya upepo, yaani kompresa inasukuma upepo kwenye mpira, upepo unazungusha mota iliyoning'inia juu, na mota inavuta mnyororo wenye ndoano, wakati mwendeshaji amesimama pembeni ameshika mkono wa winchi wenye vibonyezo viwili, cha kupandisha na cha kushusha. Fundi aliyekuja kuifunga kutoka Mwanza alifundisha watu watatu, wanaume wawili na Lukresia, na wale wanaume waliona ni kazi ya kusimama tu isiyo na sifa, wakaomba kurudi kwenye kubeba. Yeye akabaki, na kwa miaka mingi iliyofuata hakuna robota lililotoka chumbani mle bila kupita mkononi mwake.

Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa mgumu kuliko katekisimu. Asubuhi, kabla mtu hajagusa kitu, alifungua koki ya chini ya tangi la kompresa ili maji yaliyojikusanya yatoke, akatazama kikopo cha oili kinacholainisha mota, akatoa manyoya ya pamba kwenye tundu la kutolea upepo, kisha akaupitisha mnyororo wote vidoleni pete kwa pete, kama mtu anayesali rozari, na kukagua ule ulimi unaoifunga ndoano ili mzigo usichomoke. Robota la kwanza la siku aliliinua kiganja kimoja tu kutoka sakafuni, akaachia mkono, akasubiri kuona kama breki inashika. Hakuvuta mzigo kwa upande hata siku moja, hakuacha mzigo ukining'inia akaenda kunywa maji, hakuruhusu mtu kupita chini yake, awe mpagazi au meneja, na ishara za kupandisha na kushusha alizipokea kwa mtu mmoja tu, ingawa neno la kusimamisha alilipokea kwa yeyote, hata kwa mpita njia.

Lakini amri iliyomletea jina ni nyingine, nayo ni kwamba robota likiwa juu, hakuna kuimba. Sasa ninyi mnaifahamu nchi yetu, mwambie Msukuma alime bila wimbo uone kama jembe litanyanyuka, na wapagazi wa jineri walikuwa wakipakia kwa nyimbo za ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, kila kundi likitaka kulishinda jingine, na huko ndiko mtu alikopata nguvu na sifa. Lukresia aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, kwamba wimbo ukikolea mwendeshaji naye anaanza kubonyeza kwa mapigo ya wimbo, bonyeza achia, bonyeza achia, mzigo unarushwarushwa na mnyororo unashtuliwa. Zaidi ya hapo, winchi ya upepo ina sauti yake, ikiwa nzima inapumua sawasawa, na pete ikianza kuchoka inagonga kwanza, lakini nani atausikia mlio huo katikati ya Bagika na Bagalu. Kwa hiyo mzigo ukiondoka chini alipaza sauti neno moja, nyamazeni, chumba kikatulia, mzigo ukafika, ukatua, ndipo yeye mwenyewe akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa kuwapita wote. Thomasi, mpagazi aliyependa utani kuliko chakula, alimuuliza siku moja kama humo ndani kuna mtu anazikwa, naye akamjibu kwamba anawanyamazisha ili asije akamzika yeye.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ikaachiwa huru, wanunuzi binafsi wakajaa barabarani na mizani zao, na mwaka uliofuata jineri ikapata mwenye mali mpya, ambaye hatumtaji jina, anajijua. Familia haisemi kwamba soko huria lilikuwa baya, wapo humu waliojenga nyumba za bati kwa sababu yake. Inasema kwamba haraka iliingia, malori yalipanga foleni mpaka nje ya geti, kila mmoja alitaka marobota yake yatoke kabla ya mwenzake, na kitu chochote kilichosimamisha winchi kilionekana ni hujuma. Lukresia aliripoti mwezi Mei 1996 kwamba pete za mnyororo zimeliwa, akaambiwa avumilie msimu upite. Mwezi Julai pete moja ilifunguka mbele ya macho yake, mzigo ukiwa bado chini, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mnyororo mpya ulikuwa mbali, na hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo lingeweza kufanyika huku kwetu tu, maana mtu wa huku anayelima kwa maksai anauamini mnyororo wa plau kuliko anavyomwamini shemeji yake. Pete ya plau ilipoletwa ilionekana nene kuliko ya winchi, na unene huo ndio uliowadanganya watu wote, wakaiunga katikati ya mnyororo na kuona wameongeza nguvu. Lukresia aliwaeleza kwamba mnyororo wa plau umezoea kuburuta ardhini, ukikatika ng'ombe wanasimama na mambo yanaishia hapo, chuma chake ni laini, na pete yake haikai sawa kwenye magurudumu ya winchi, itapanda juu ya meno na kupasuka. Msimamizi akamwambia aache maneno ashike kazi. Akasema, na watu wengi walimsikia, kwamba mnyororo huo utakatika na utakatika na mtu. Kisha tarehe 29 Julai 1996 akafunga upepo, akaufungua ule mkono wa winchi, akaufunga kwenye kanga, akaondoka nao mchana kweupe kupitia getini, na kesho yake akafukuzwa kazi.

Wapo wanaosema kwamba angeuacha ule mkono mahali pake yasingetokea yaliyotokea, na familia haiwazuii kusema, kwa sababu hata mwenyewe aliligeuza jambo hilo moyoni usiku na mchana, lilimuuma, hakulificha. Alidhani akiuchukua mkono winchi italala. Hakudhani kwamba watu watapachika koki za bomba la maji kwenye mpira wa upepo badala yake. Mkono wa winchi ukiuachia unajirudisha wenyewe na mzigo unasimama, lakini koki ukiifungua inabaki wazi mpaka mtu aifunge, na hiyo ndiyo tofauti yote. Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1996, nyimbo zikiwa zimerudishwa kwa furaha chumbani mle, koki ilifunguliwa, robota likapanda, aliyeshika koki akachelewa kuifunga, mzigo ukafika juu kabisa ukakwama, upepo ukaendelea kuvuta, na pete ya plau ikaachia. Robota lilimwangukia Thomasi mguuni. Aliokolewa maisha, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipoombwa tuparuke. Kabla damu haijakauka sakafuni, maneno yalishaanza kwamba Lukresia alisema mnyororo utakatika na umekatika, alisema utakatika na mtu na umekatika na mtu, basi kinywa chake kina kitu. Watu wakakumbuka kwamba anaupapasa mnyororo asubuhi huku midomo ikicheza, kwamba anawanyamazisha watu wazima nao wanatii, kwamba ana macho mekundu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la pamba, kama ya kila mtu aliyezeekea jineri, lakini mnajua wenyewe katika miaka ile wanawake wenye macho mekundu walikuwa wakifanywa nini na mapanga, na mnajua kwamba hakuna aliyeulizwa macho hayo aliyatoa wapi. Waliotakiwa kujibu kuhusu mnyororo walikaa kimya, kwa kuwa mchawi aliwafaa kuliko pete.

Jumapili ya tarehe 25 Agosti 1996 kilifanyika kikao cha wakazi, ikaamuliwa Lukresia atengwe, asisalimiwe, asipewe moto wala maji, asizikiwe, na ikiwezekana ahamie Bukundi kwa wajomba wenye ng'ombe ambako hafahamiki. Januarius alishauriwa amwache, akawajibu kwamba mke alimwoa kanisani na si kikaoni, na tangu siku hiyo kitanda chake kikahamia mlangoni. Baadhi ya ndugu wa damu waliacha kuja, hao nao wapo hapa leo, karibuni. Lukresia hakuhama. Kila asubuhi alifagia uwanja wake hadi barabarani, na yeye ambaye mlimwita Nyamaza akawa anaimba kwa sauti ya shambani, ile ya Nassa, kila aliyepita amekaza shingo asimsalimie alisindikizwa na wimbo mpaka kwake. Felisita alimwomba apunguze kidogo kwa sababu ya hatari, akamwambia kwamba hana mzigo juu, kwa nini anyamaze.

Aliyekuja kuivunja amri ile ni Thomasi. Alirudi kutoka hospitali mwezi Novemba, na mchana wa jua, barabara imejaa watu, alijikokota na magongo yake mpaka uwanjani kwa Lukresia, akaketi, akaomba ugali, akala wote wanaona. Jumapili iliyofuata, tarehe 24 Novemba 1996, alisimama nje ya kanisa baada ya misa akawaambia watu kwamba ile pete ilitoka kwenye plau yake mwenyewe, yeye ndiye aliyeileta kwa moyo wa kusaidia, kwamba aliisikia ikigonga mara ya kwanza na kudhani ni ngoma, na kwamba kama wanatafuta mchawi wa mguu wake waende zizini kwake wakaikamate plau. Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Hakuna kikao kilichoitishwa kuifuta ile amri, ilikufa yenyewe polepole, na hakuna hata mmoja aliyekuja kusema tumekosa. Familia inalisema hilo leo bila kutafuna, dada yetu hakuwa mchawi, alikuwa mwendeshaji wa winchi, na anayetaka kulipinga apinge sasa, jeneza likiwa bado juu ya ardhi.

Msimu wa mwaka 1997 ulipokaribia, hakuna mtu aliyekubali kuigusa winchi ile, wakaja kumwita kwa unyenyekevu wakimwomba aitegue. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda na masharti yake, mnyororo mpya uletwe kwanza, na mbele ya wafanyakazi wote akategua uchawi kama ifuatavyo, aling'oa zile koki akaurudisha ule mkono aliokuwa ameutunza kwenye kanga, akaufunga mnyororo mpya na kuupaka mafuta, akamwaga maji ya tangi, akajaza oili, akabadilisha vitambaa vya breki vilivyolika, akazibua tundu lililozibwa na manyoya ya pamba, kisha akainua robota kiganja kimoja, akaachia, likashika. Akawatazama, akasema nyamazeni. Wakanyamaza wote, na msimamizi akiwemo.

Alifanya kazi mpaka mwezi Oktoba 1998, kifua kilipomshinda, kikohozi cha vumbi alichokaa nacho miaka mingi kikawa hakimpi nafasi ya kupanda hata ngazi mbili. Alitibiwa hospitali hapa Bariadi, akapelekwa Mwanza mwezi Februari 1999, akarudi na nafuu kidogo, na katika wiki zake za mwisho sauti ikakatika kabisa, jambo ambalo tunakiri lilitutisha kuliko ugonjwa wenyewe, nyumba ile bila sauti yake hatukuijua. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi ya tarehe 3 Juni 1999, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, waliomhudumia hata alipowafundisha namna ya kufunga mitungi yao ya hewa. Inawashukuru majirani waliokuja kuleta kuni na maji, na zaidi wale waliokuwa wakimrushia salamu kisirisiri mwaka ule wakati salamu ilikuwa kosa, Mungu aliwaona. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wa jineri, wapagazi wa Bagika na wa Bagalu, waliochimba kaburi hili pamoja. Wale ambao hawajashukuriwa wanajua sababu, na mlango wa nyumba uko wazi.

Limebaki agizo moja, alilomwandikia Felisita kwa kidole kiganjani pale sauti ilipokwisha, nasi tumeshamwomba radhi Baba Padre na wanakwaya kwa kubadilisha ratiba yao. Jeneza litashushwa kwa kamba, na kamba zimekaguliwa. Likishanyanyuka, wote tutasogea nyuma, na hatutaimba. Litainuliwa kiganja kimoja, litasimama, kisha litashushwa, na mtoa ishara ni mmoja tu, ni huyu hapa mwenye gongo, Thomasi, hakuna mwingine wa kunyoosha mkono. Tutasikiliza mpaka litue, na likishatua, mwanakwaya yeyote atakayeimba chini ya sauti aliyokuwa nayo Lukresia atakuwa amemkosea.

Thomasi, karibu mbele. Ninyi wengine, nyamazeni, mama yuko juu. Pumzika kwa amani, Lukresia, nasi hatutafungua kinywa mpaka ufike.